Diski Mbili za Évariste

Jumamosi moja ya Novemba, Évariste alirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, miguu imemvimba, na kabla hata ya kuvua koti akabonyeza swichi ya seva. Alitaka kunakili filamu moja tu kwenye flashi, aoge, alale kidogo, kisha ashuke Vårby gård, kusini mwa Stockholm, kwenye kilio cha Orpha. Taa ya buluu ikawaka, ikapepesa, ikageuka nyekundu. Akazima, akawasha tena. Nyekundu.

Seva yenyewe ilikuwa sanduku jeusi la ukubwa wa mkate, lenye diski mbili tumboni, na makao yake yalikuwa chini ya televisheni, sebuleni kwake Husby, kaskazini mwa jiji. Watu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, waliotawanyika Stockholm walilijua wote. Harusi, ubatizo, mazishi, kila filamu ililetwa kwa Évariste aitunze. Kazi iliyomlisha ilikuwa kuogesha na kugeuza wazee kitandani. Hii nyingine hakuna aliyemwajiri. Siku moja alimnakilia mtu harusi ya dada yake, na tangu hapo hakujua namna ya kukataa. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake, kama mnataka kuujua.

Filamu aliyoihitaji ilikuwa ya maziko ya Firmin, mume wa Orpha, aliyefia Uvira mwaka uliotangulia. Wakati huo Orpha alikuwa bado anangoja karatasi za ukaazi. Angetoka Sweden, asingerudi. Basi mume akazikwa bila yeye, na filamu ikaja kwenye flashi ya mchungaji mmoja. Orpha alikataa kuiangalia. "Nitaiona siku ya kumaliza kilio," alisema, "nikiwa na watu." Siku hiyo ilikuwa leo, saa nane mchana. Mchungaji alikwisha kuifuta flashi yake, na kule Uvira mpiga picha alikwisha kurekodi harusi juu ya kanda ileile. Duniani kote filamu ilibaki mahali pamoja, na mahali hapo palikuwa panaonyesha taa nyekundu.

Évariste akapiga magoti. Akabadilisha waya wa umeme, akajaribu tundu jingine la ukutani. Akatafuta bisibisi, akafungua mfuniko, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Akachomoa diski zote mbili na kuliwasha sanduku likiwa tupu: buluu, imetulia. Basi sanduku lenyewe ni zima. Akarudisha diski ya kwanza peke yake: buluu tena, na kwenye kompyuta ukatokea ukurasa uliosema kwamba nusu ya vitu haionekani. Akaitoa, akaweka ya pili na kuitegea sikio. Tik, tik, tik, kimya. Tik, tik, tik, kimya. Aliichomoa na kuirudisha mara sijui ngapi, kama mtu anayefungua kabati lilelile akitumaini safari hii atakuta sukari.

"Baba Heshima, weye hujalala ata kidogo," Laurentine mkewe akamwambia kutoka mlangoni, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Acha hiyo kitu."

"Nikiacha, nitamwambia Orpha nini?"

Laurentine akaenda jikoni. Akamwekea chai pembeni, na chai ikapoa.

Saa tano akampigia Ludovick wa Akalla, Mtanzania aliyekuja kusomea uhandisi akabaki, ndiye aliyemfungia lile sanduku. Ludovick hawezi kuzungumza lolote kabla ya salamu, hata nyumba ikiwa inaungua. Alimuuliza hali yake, ya shemeji, ya watoto, ya kazi, ya baridi. Évariste alijibu zote nzuri huku macho yakimfumbika.

"Diski moja imekufa, kaka," Ludovick akasema alipokwisha kuelezwa. "Usihofu. Si ndiyo maana nilikuwekea mbili? Zinaandika kitu kilekile. Iliyobaki ina kila kitu."

Évariste akaanza kukwangua vumbi kwenye mfuniko kwa ukucha.

"Kaka? Hukubadilisha chochote, au?"

Alikuwa amebadilisha. Mwezi wa nne sanduku lilijaa, na wiki ileile mama mmoja akaja na picha za mtoto wake aliyezikwa. Utamwambiaje mfiwa kwamba pamejaa? Kwao mtu akija na msiba wake, watu husogea, hata kama mkeka ni mmoja. Basi Évariste akasogea. Alizipanga diski upya, zikaungana kuwa moja kubwa, kila filamu ikakatwa vipande, nusu huku, nusu kule. Nafasi ikapatikana. Na kila aliyeuliza aliendelea kumjibu maneno ya Ludovick: ziko mbili, moja ikifa nyingine inabaki. Uongo huo ndio uliomuuma sasa kuliko diski.

"Pole sana, kaka," Ludovick akasema taratibu. "Izime, usiiumize zaidi. Wapo mafundi wanaofungua diski za namna hiyo, lakini itachukua wiki kadhaa, na hawaahidi kitu."

Akaoga, akavaa suti. Ndani ya treni ya njia ya buluu alifikiri kusema flashi imepotea. Ndani ya ile ya njia nyekundu alifikiri kutoshuka kabisa. Alikuwa amechoka, na aliona aibu. Diski iliyokufa ilikuwa mfukoni, na hakujua kwa nini ameibeba.

Ukumbini Vårby gård shuka jeupe lilikwisha kutundikwa ukutani, viti vimepangwa, watu kama hamsini wamekaa. Alimkuta Orpha jikoni, amevaa nguo zake nyeusi ambazo angezivua jioni ile.

"Orpha, filamu imekufa. Kosa ni langu. Nilikwambia iko salama, na haikuwa salama." Akaitoa diski, akaiweka mezani katikati ya sahani.

Orpha akaisogeza sahani moja pembeni, akaiinamia diski.

"Yaya, weye uliiona?" akauliza; kwao yaya ni kaka mkubwa.

"Niliiona, siku ya kunakili. Ilibidi nihakikishe haikatiki."

"Yote?"

"Yote. Masaa mawili na dakika kumi."

"Basi filamu njo weye mwenyewe," Orpha akasema. "Ingia, uelezee."

Évariste alikuwa hajawahi kuhutubia hata mkutano wa wapangaji. Akasimama mbele ya shuka, mikono haijui pa kukaa. Akaanza na manyunyu ya asubuhi ile, na jeneza lilivyokwama kidogo mlangoni. Akawataja waliolibeba, mmoja mmoja, na kila jina lilipata mtu wa kulililia. Akataja kwaya na njia waliyopita. Akafika kaburini, akakwama.

"Kisha?" Orpha akauliza kutoka kiti cha mbele.

Angeweza kuiruka sehemu hiyo. Lakini nguvu za kudanganya zilikuwa zimemwishia.

"Kisha mchungaji alimwita mke wa marehemu aje kuweka udongo wa kwanza. Labda alisahau kwamba mke yuko huku, sijui. Aliita mara tatu. Watu wakangoja. Hakuna aliyesogea."

Orpha akasimama, akashika mgongo wa kiti.

"Ita tena, yaya."

Évariste akaita: "Mke wa marehemu!"

"Niko," akasema Orpha. "Niko hapa."