Siku Jeneza Lilipogeukia Kwetu

Nilipokuwa mtoto pale Koboko, enzi za utawala wa wanajeshi, niliogopa jeneza kuliko bunduki. Bunduki tulizizoea, karibu kila nyumba ilikuwa na askari wake. Lakini watu walisema maiti aliyelishwa sumu hakubali kuzikwa hivi hivi. Huwavuta wanaombeba mpaka mlangoni kwa aliyemuua. Mama mmoja wa njia ya Oraba alifikiwa hivyo, na kabla ya magharibi alikuwa amefukuzwa pamoja na wajukuu zake, nyumba imechomwa. Mimi pia nilikuwa mjukuu, nikiishi na bibi yangu, tuliyemwita Habuba, kwa hiyo habari ile niliielewa vizuri mno.

Idirisi, kijana wa jirani, alirudi kutoka kambini na homa. Habuba akampelekea uji, maana alimpenda kama mwanawe. Usiku Idirisi akatapika, alfajiri akafa. Ulimi hauna mfupa: kabla hajaoshwa, uji ule ulikuwa umeshakuwa sumu midomoni mwa watu. Habuba alipokwenda msibani, walimfungia mlango. Akarudi, akaketi kusuka mkeka wake.

Mimi nilichungulia kwenye ua wa matete. Wanaume walitoka na jeneza mabegani, kitanda cha kamba tu kilichofunikwa shuka, wakienda haraka kama ilivyo desturi na kuitikia "La ilaha illallah". Mbele alishika Mjomba Ramadhani, kitinda mimba wa Habuba. Njia ya makaburini ilikata kushoto. Walipofika pale jeneza likayumba, likapunguza mwendo, halafu likakata kulia. Huko kulikuwa na nyumba moja tu, yetu.

"Iko nakuja kwao!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Nilijikojolea. Jeneza liliongeza kasi, wabebaji wakijikwaa, macho yamewatoka.

"Geuza! Geuza!" imamu alipaza sauti nyuma yao.

"Hapana sisi!" mmoja akajibu, akilia. "Yeye iko navuta!"

Habuba akaweka mkeka chini. Nilimshika gauni, akanibandua vidole taratibu, akatoka, akasimama katikati ya njia. Jeneza likamgonga kifuani. Akapepesuka lakini hakuanguka, akaishika miti ya mbele ya kitanda kile kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kumwona mwanamke akilifanya.

"Idirisi, mutoto yangu," alisema. "Kama uji yangu iliua wewe, pita juu yangu. Kama hapana, enda kwa kaburi yako."

Nikasikia kamba za kitanda zikilia. Nilingoja apigwe, nilingoja moto. Kisha jeneza likaanza kurudi nyuma, kidogo kidogo, likageuka, likashika njia ya makaburini mbio zaidi kuliko lilivyokuja. Watu wakasema maiti amemtakasa. Jioni majirani walewale walituletea chakula, nami sikuweza kukila.

Leo mimi ni mwalimu. Huwafundisha watoto kwamba kitu kinachokwenda hakiongezi kasi wala hakibadili njia pasipo kitu cha kukisukuma au kukivuta, na kila mara nayaona mabega yale. Nani alisukuma? Kila mmoja aliapa kwamba alifuata tu, na naamini waliapa kweli. Wote walikuwa wameshasikia habari ya uji. Kila bega liliegemea kidogo kule lilikoogopa, na kila mmoja akihisi uzito wa wenzake alidhani ni maiti. Nadhani nchi nzima ilikuwa ikienda hivyo miaka ile.

Mjomba alipokuwa mzee na mgonjwa, nilimwuliza.

"Mimi nilijua iko navuta sisi," alisema. "Halafu naona mama yangu iko mbele. Nikavuta nyuma na nguvu yote. Ikakuja, bila shida." Akageukia ukutani. "Kumbe hata kule njia panda ningeweza."

Habuba hakumwuliza kamwe, hadi anaingia kaburini. Aliendelea kumpakulia chakula wa kwanza, kama zamani. Lakini siku ile aliishika miti ya jeneza kwa mikono yake mwenyewe, na lazima alihisi ni upande wa nani ulioanza kuvuta nyuma, na ulichelewa kiasi gani.