Barabara Katikati ya Ngitili

Barabara ile ililetwa na kampuni ya dhahabu, na kampuni ilipoondoka haikuichukua. Mwaka 1951 walikuja na mashine ya kuchoronga, wakafyeka njia kutoka barabara ya Geita hadi katikati ya ngitili ya Bartholomeo, mahali alipoyafunga majani masika yote ili ng'ombe wake wapate chochote kiangazi. Walitoboa ardhi, hawakuona dhahabu, wakaenda zao. Nyuma yao likabaki tope la kijivu, likakauka likawa gumu kama sakafu.

Bartholomeo hakuwa na nguvu za kulitengeneza. Vumbi la mgodini alikofanya kazi ujanani lilishamharibu kifua. Mkewe, Nyamizi, ndiye aliyeshika jembe. Alilivunja tope kidogo kidogo, akachanganya samadi, akakung'uta mbegu za majani yaliyosalia pembeni, akazifunika kwa matawi ya miiba. Zikaota. Kisha ng'ombe wa shemeji yake Ngassa wakapita juu ya miche hiyo wakienda kunywa maji.

Nyamizi akamwendea. Ngassa alicheka, akasema hajawahi kuona mtu anapanda majani. Labda mwakani atapanda na mawe. Ngitili yenyewe aliiheshimu kama kila mtu, hakuna ng'ombe wake aliyewahi kuiingia. Ila njia ni njia.

"Ngitili ni yenu, shemeji, ila njia ni ya watu wote. Aliyeifungua ni Mzungu. Mfuate aje aifunge."

Alipanda tena, wakapita tena. Kiangazi kile ng'ombe wawili walikufa, na waliobaki walikuwa mbavu tupu.

Bartholomeo alipoona amefika mwisho alimwomba mkewe jambo moja tu: azikwe zizini, ubavuni mwa baba yake, kama anavyozikwa mwenye mji. Nyamizi aliitikia. Mumewe alipokata roho, ukoo ukakusanyika, na Ngassa akauliza wachimbe wapi.

"Njiani," Nyamizi alisema. "Pale kwenye tope."

Ngassa alimtazama sana.

"Kaka alisema hivyo, shemeji? Kwa mdomo wake?"

"Alisema."

Nani angebishana na maiti? Ngassa mwenyewe alipiga sururu mpaka viganja vikachubuka. Tangu siku ile ng'ombe wake walizungushwa mbali, maana hakuna mtu wa pale angeswaga mifugo juu ya ndugu yake.

Masika yalipofika majani yaliota kwanza kaburini, kwenye udongo uliochimbwa ukalainika. Wanawake wakamsema: mjane gani huyu, hata kaburi la mumewe hapalilii? Nyamizi aliyaacha yakue, yakatoa mbegu. Ndipo siku moja akaenda na ungo, akapiga magoti, akaanza kuyakung'uta shina moja moja, ameligeuzia zizi mgongo.