Kibuyu cha Jepkorir

Shuleni Olenguruone, Jepkorir alishika mkia kila mbio. Babake alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye masizi ambayo mshindi hupokewa nayo, na kila mara alirudi nacho nyumbani kimejaa. Hadithi hii nimeisikia hadi nimechoka, maana mimi Wachuka ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Nakuru, naye Jepkorir ndiye huwapa watoto wetu dawa ya usingizi.

Siku hiyo tulimpokea Linah, miaka minne, meno saba yameoza, moyo una tundu tangu azaliwe. Uchafu wa yale meno ungeweza kuufikia moyo, kwa hivyo ilikuwa lazima yang'olewe. Lakini moyo wa namna hiyo, kuulaza usingizi ni kutembea na yai mkononi.

"Amekula kitu tangu jana?" nikauliza.

"Hata kidogo," akajibu nyanyake.

Nikaandika, mjinga mimi. Jepkorir akainama, akaona weusi pembeni mwa mdomo wa mtoto.

"Kogo," akamgeukia nyanya, "na mursik?"

"Ai, hiyo si chakula! Nimempea kikombe moja tu leo saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto hatolewi kwa safari bila baraka."

Nilitaka kulia na kucheka pamoja. Maziwa yale yangepanda akiwa amelala, yangeingia mapafuni. Mathenge, daktari wa meno, akasema basi, mwezi ujao.

"Leo, saa saba, maziwa yakishashuka tumboni," Jepkorir akakataa. "Maji matupu mpaka saa tano, halafu asitie kitu kinywani."

Saa saba akaanza kuwinda viputo vya hewa kwenye mpira wa dripu, akiupiga kwa ukucha, kwa sababu kiputo kikipenya lile tundu kinaweza kwenda kichwani. Mashine ikalia ti, ti, ti, nami nikaomba Mungu kwa kila mlio.

Meno yote saba yakatoka, Linah akafumbua macho, akapapasa ufizi. "Meno yangu iko wapi?"

Mngetuona! Tulirukaruka kama wendawazimu, na Mathenge mwenyewe akakata kiuno.

Tulipomtoa Linah nje, nyanya alikuwa amekumbatia kibuyu chake cha mursik. Akamimina, akampita mjukuu, akampa Jepkorir.

"Wewe ndio umeshinda leo. Kunywa."

Akanywa, akicheka na kulia, masharubu ya masizi mdomoni. Kisha akampigia simu mzee wake Olenguruone.

"Baba, nimekunywa!"