Sekunde Thelathini za Kerneli Mpya

Hapa Misiera, katika makazi yetu ya wakimbizi, mtu akisema anakwenda mjini Mbarara, majirani humletea simu zao. Bando ni ghali, na mjini kuna mkahawa wenye intaneti ya bure kwa yeyote aliyeagiza chai. Basi unakwenda na mfuko wa simu za watu, unaziunganisha zote, nazo zinavuta programu mpya kama ng'ombe wa Endiinzi waliofikishwa majini. Sisi tunaita kunywesha. Siku ile nilinywesha simu sita, na kwa kuwa chai ilikuwa haijaisha, nikaitoa na laptopu yangu. Ikaniuliza kama nataka vyote vilivyo vipya. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Ulikuwa uroho tu, sina jina lingine la kuupa.

Laptopu hiyo niliinunua ya mtumba, ikiwa na mfumo wa bure, na ndiyo iliyokuwa darasa langu zima, maana nafundisha akina mama kupiga chapa. Ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani yake kuna kidude kinachoiarifu mashine kama kifuniko kimefungwa au kimefunguliwa, na changu kiliharibika zamani, kikawa kinasema saa zote kwamba kifuniko kimefungwa. Kerneli, yaani ule moyo wa mfumo unaozungumza na vyuma, ilikuwa ya zamani na haikukijali. Kerneli mpya niliyoibeba kutoka Mbarara ilikuwa na adabu zaidi. Ilikiamini.

Niligundua hayo Jumatatu, mbele ya mwanafunzi wangu mmoja. Alikuwa mama Mrundi, mjane, mkulima wa maharagwe, na Alhamisi ya wiki ileile alikuwa afanye mtihani wa kupiga chapa katika zahanati moja ya Mbarara iliyotaka mtu wa mapokezi. Alikuwa ameomba kazi sehemu nyingi, na hao ndio wa kwanza kumwita. Aliandika mstari mmoja, kioo kikawa cheusi. Nikaiamsha mashine. Baada ya sekunde thelathini ikalala tena. Mashine iliyoambiwa imefunikwa haina sababu ya kukaa macho.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika husema uongo. Nilimwambia ni joto.

"Mama, wacha kwanza," nikamwambia. "Nitatafuta fasi yenye iko na makosa."

Hakuinuka kwenye kiti. "Alhamisi haitaningoja, mwalimu. Nitaandika wakati iko macho."

Akaanza. Kioo kikiwa cheusi, alisoma sentensi kwenye karatasi huku midomo ikicheza, akairudia mpaka ikakaa kichwani. Kisha aliiamsha mashine na kuandika mbio kabla haijalala. Jumatatu alikuwa anafikisha nusu ya sentensi. Jumanne alifikisha sentensi nzima, akanitazama kwa jicho la mtu aliyemshinda jirani mkorofi. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na simu, nikisoma maswali ya watu nisiowajua wenye laptopu mbovu kama yangu. Aibu ilikuwa imenijaa, na aibu yangu hunifanya niwe mkali kwa kuku wa jirani.

Jumatano mchana nikapata. Kumbe mfumo ulikuwa haujaitupa kerneli ya zamani. Ulikuwa umeiweka nyuma, kwenye orodha inayojitokeza ukibonyeza kitufe fulani wakati mashine inawaka. Nikachagua mstari wa pili. Kioo kikawaka, kikabaki kimewaka, nikahesabu hadi mia mbili, nikacheka peke yangu. Nilifurahi sana, hata nikamweleza mama yule ukweli wote, uroho wangu ukiwemo. Yeye aliuliza tu kama anaweza kupata saa moja ya mazoezi.

Alhamisi sikuweza kufanya kazi yoyote. Alirudi alasiri na vumbi la njia nzima, akakataa kiti, akasimulia akiwa amesimama. Walikuwa wanne. Msimamizi alikuwa mama aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, akawasemesha kwa Kiswahili, lugha ya askari huko. Mwanafunzi wangu alisoma aya ya kwanza yote kimya, akaiandika kwa mkupuo mmoja, kisha akaweka mikono mapajani. Wenzake walikuwa wanatazama karatasi kila baada ya neno. Msimamizi akamjia.

"Mama, mbona umeacha kuandika? Hiyo kompyuta iko sawa, andika tu."

"Nangoja ilale," akajibu.

Chumba kizima kilicheka, naye akacheka nao. Haikulala. Alimaliza kabla ya wote, na wakamwambia aanze kazi Jumatatu. Nilitaka kusema neno la maana kama mwalimu, lakini nikamwambia tu kwamba jioni hiyo nitaifuta ile kerneli mpya isimtese mtu mwingine.

Akakunja uso. "Usiifute, mwalimu. Na wenzangu uwape wiki moja nayo."

Sikuifuta. Mpaka leo laptopu ina kerneli mbili, na kazi zangu nazifanya kwenye ile ya zamani. Wanafunzi wapya huanza na mpya, wiki nzima. Wakilalamika, nawaambia ukweli kwamba kosa ni langu, kisha nawaambia waandike kabla haijalala.