Kitambaa Cheupe cha Mama Pasi

"Mezani kwangu doa halilali," alisema shangazi kwenye harusi ya jirani, kipaza sauti mkononi, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Meza zote mle ndani zilivaa vitambaa vyake. Kushona na kukodisha vitambaa vya meza ndiyo kazi iliyomlea yeye na bintiye, na mtaani alikuwa Mama Pasi tu. Nyumbani kwake hata chai tuliinywa tumebana viwiko kama tuko kwenye mtihani.

Kimoja hakukikodisha kamwe: cheupe, pindo limetariziwa kwa mkono, kinamsubiri mchumba wa binti.

Mchumba akaja. Napkini zilikunjwa mfano wa feni, zikapendeza mno hata mgeni akaogopa kuikunjua yake. Mapaja yakabaki wazi. Akapokea supu, bakuli likamteleza. Nusu kitambaani, nusu mapajani, na ilikuwa imetoka jikoni ikichemka.

Shangazi alikimbilia chumvi. Akaimwaga kwenye doa.

"Mama, ameungua," binti alisema.

"Nimeona, mwanangu. Nyanyueni sahani kwanza, mafuta yasizame."

Nilidhani anatania. Mchumba alikuwa amesimama, ameivuta suruali mbali na ngozi, anahema. Binti akamshika mkono, wakatoka bila kuaga.

Doa liliisha jioni ileile. Ndoa ilifungwa bila mama kuitwa. Akakipiga pasi kile kitambaa, akanituma nikipeleke kama zawadi. Binti alinipokea mlangoni, akanirudishia na mikunjo yake ileile.

"Mwambie mama, alama za mume wangu hazikutoka kwa chumvi."

Nilimwambia. Kesho yake alirudi kutoka dukani na plastiki ya meza, ile ya maua, ambayo zamani aliiita nguo ya vibanda. Akaitandika, akaweka sahani tatu.

"Mpigie dada yako. Mwambie nimeweka plastiki. Mtu akimwaga, tunapangusa tu, maisha yanaendelea."

Nikapiga.

"Amesemaje?"

"Amesema sawa, shangazi."

"Sawa anakuja, au sawa amesikia?"

"Amesikia."

Sahani bado zipo pale. Jumapili anazifuta vumbi, anazirudisha, kisha anakwenda kula jikoni peke yake, bakuli mapajani.

Plastiki ile ni shilingi elfu tatu tu kwa mita.