Mimba ya Sufu

Mume wangu alikuwa amekataa. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, maana siku hizi akikaa na wageni anasimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda kumwomba padri mtoto. Alikataa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema watoto wetu wamekua, wameoa na kuolewa, na sasa ni zamu yake ya kula maharage kwa amani. Alikuwa ameuza maharage maisha yake yote, akiyatoa Butembo na kuyaleta Goma, na nadhani alikuwa anayaelewa kuliko anavyoelewa watu.

Lakini mwaka ule vita vilikuwa vimeifikia Rutshuru, na barabara ikajaa. Watu walishuka na magodoro kichwani, na sufuria, na mbuzi, wakapiga kambi Kibati, na katika msukumano ule kuna watoto waliopotezana na mama zao. Padri alisimama baada ya misa akaomba nyumba za kuwapokea wachanga mpaka jamaa zao wapatikane. Mimi niliinua mkono. Mume wangu aliangalia dari la kanisa.

Aliletwa kwetu wa kike, wa umri wa kukaa lakini si wa kutambaa, amekunja uso kama mtu aliyecheleweshewa chakula hotelini. Hakuna aliyejua jina lake. Nilimpakata mbele ya mume wangu ili amwone, naye akanyoosha mkono, akamshika mzee wa watu ndevu, akavuta.

"Eh, Madame!" mume wangu akapiga kelele.

Basi akabaki Madame. Mimi niliyeinua mkono alinililia wiki nzima. Yule aliyekataa akimbeba, analala fofofo. Siku moja nilirudi sokoni mapema nikamkuta mzee nyuma ya nyumba, kati ya mawe meusi ya volkano, amemfunga mtoto mgongoni kwa kitenge changu cha Pasaka, anatembea huku na huku akimwimbia bei za maharage. Nilirudi kinyumenyume hadi barabarani, kisha nikaja upya nikikohoa kwa nguvu, ili apate nafasi ya kumfungua. Nilipoingia alikuwa ameketi kitini, anasoma gazeti la zamani. Hajui mpaka leo kwamba nilimwona.

Sasa niwaeleze habari ya shali, maana bila shali hamtaelewa ubaya wangu.

Shirika letu, ndivyo tunavyoiita jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, lina desturi yake. Mtoto hanunuliwi shali dukani. Mama mmoja anaanza kulifuma kwa krosheti, anaweka mistari yake kwa rangi yake ya sufu, kisha analipeleka nyumba ya pili, na huko wanaongeza yao, na kuendelea, mpaka limezunguka mtaa mzima. Ukizijua rangi unaweza kulikunjua ukasema huyu ni mke wa mwalimu, huyu ni yule mama wa samaki, na huyu hapa aliishiwa uzi akafumua sweta la mumewe. Mwisho linarudi kwa mama wa nyumba, naye analifuma pindo pande zote nne. Shali lisilo na pindo halijaisha, na lisiloisha halitolewi. Kwa watoto tuliowapokea tulikubaliana litolewe siku ya kuondoka, ili mtoto asitoke kwetu mikono mitupu kama aliyefukuzwa.

Siku moja dada wa ofisi ya kutafuta jamaa akaja kwa pikipiki, anatabasamu tangu getini.

"Mama, habari muzuri! Koko ya mutoto amepatikana. Iko Bunagana!"

Koko ni bibi. Mama wa mtoto alikuwa amefariki njiani wakati wa kukimbia, baba hakuna aliyejua aliko, na aliyebaki ni huyo bibi mzaa mama, mchuuzi wa mpakani. Nilisema Mungu asifiwe. Nililisema kwa mdomo. Wakati ule Madame alikuwa ameshaanza kutambaa, ameacha kunililia, na kila asubuhi alinifuata jikoni akiita "Ma, Ma," huku akinivuta kitenge. Nilijisikia kama mtu aliyevuliwa sweta alfajiri.

Sikutaka kumwiba mtoto wa watu. Ila niliijua barabara ile. Inafunguka, inafunga, na ikifunga hujui itafunguka lini wala nani atakuwa amesimama kwenye kizuizi. Akishavuka Rutshuru kwenda mpakani, huenda nisimwone tena mpaka kufa. Nilitaka siku ziongezeke, basi.

"Shali bado haijaisha," nikasema.

"Ah," akasema yule dada, na tabasamu likapungua. Alikuwa msichana wa hukuhuku, amelelewa na mama mwenye akili timamu. "Basi tutangoja shali, mama."

Hapo ndipo shetani wangu alipoamka na kunawa uso.

Shali lilikuwa kwa jirani yangu, mjane mwenye sauti ya kengele, ambaye umri wa kuzaa alikuwa ameuacha nyuma siku nyingi. Nilikwenda kwake nikamwambia naona vidole vyake vinauma. Aliviangalia.

"Haviumi."

"Viangalie vizuri."

Akaniangalia mimi, kisha akaangalia mlango wangu, ambako Madame alikuwa anakula kokoto. "Eh, kweli," akasema. "Vinauma mingi sana, mama."

Tangu siku hiyo shali lilipatwa na kila ugonjwa. Mara sufu ya njano haipatikani sokoni. Mara limelowa na mvua. Mara mama wa samaki amekosea hesabu ya matundu, anafumua. Yule dada alikuja, nikamwambia liko nyumba ya juu. Akapanda kwa miguu juu ya yale mawe makali, akaambiwa limeshuka nyumba ya chini. Akashuka, akaambiwa ah, mwenyewe ameenda kwenye msiba, na amelibeba akalifumie huko. Alirudi kwangu viatu vimechubuka, nikampa chai yenye maziwa. Hakuuliza kitu. Alikunywa chai, akambusu Madame, akapanda pikipiki yake. Nadhani alijua.

Asiyevumilia alikuwa bibi mwenyewe. Asubuhi moja, mimi na jirani tumekaa sebuleni na shali lipo wazi mapajani mwake, tulisikia yule dada akipiga hodi getini, na sauti nyingine nyuma yake, nzito. Jirani alishtuka. Mahali pa kulificha hapakuwepo, maana mume wangu alikuwa amekalia mto wa pekee. Basi akalikunja, akalisukuma chini ya kitenge chake, akafunga fundo, akajiegemeza kwenye kiti.

Bibi akaingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, mwenye buti za plastiki na koti la kiume, na macho yasiyopepesa. Alitusalimia mmoja mmoja. Alimwangalia mtoto akiwa mbali, hakumkimbilia. Kisha akaketi, akauliza polepole:

"Shali iko wapi?"

"Iko ku mutu wa tano," nikasema.

"Haiko mbali," mume wangu akaongeza, msaliti yule.

Bibi aliinuka. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa jirani yangu, akainama, akampapasa tumbo taratibu kama mkunga.

"Mama," akasema, "pole na mimba."

"Mimi niko nauza vitenge Bunagana tangu ningali musichana," akaendelea. "Niliyipitishaka mbele ya duane, wale watu wa ushuru, ku tumbo, vile tu. Ila weye ulifunga juu sana. Mimba inakaa chini." Na akamfungua fundo kwa vidole viwili, shali likamwagika sakafuni na rangi zake zote.

Aliyeanza kucheka alikuwa mume wangu. Yule dada wa ofisi alicheka mpaka akalazimika kushika ukuta. Jirani alijifunika uso. Bibi hakucheka. Aliliokota shali, akalikung'uta, akalipitia mstari kwa mstari.

"Munamupenda," akasema. Hakuwa anauliza.

"Tunamupenda, mama," nikamjibu, na hapo machozi yalinitoka bila ruhusa yangu.

"Na mimi sina mwengine. Mama yake alikuwa wa pekee."

Niliona haya, kwa muda mfupi.

Alikaa kwetu siku kadhaa, maana Madame hakumtaka. Bibi akimkaribia, mtoto anapiga mayowe ya kuita jeshi. Nikiri kwamba mayowe yale yalinifurahisha. Nilikuwa nakwenda kuyasikilizia jikoni, napika kwa furaha. Kisha siku moja yalikoma. Nilichungulia nikaona bibi amejifunga kitenge changu, kile cha jikoni chenye moshi na harufu yangu, na kichwani amejifunga kilemba changu, na Madame yuko mgongoni mwake kimya, ananyonya kidole. Alikuwa amejipitisha mwenyewe kama bidhaa ya magendo. Niliumia sana. Na niliona kwamba mtoto ameangukia mikono yenye akili, na maumivu yakapungua kidogo.

Basi nikachukua krosheti, nikaanza pindo. Sikuwa na ujanja mwingine. Nilifuma upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, bibi ameketi kando yangu anamenya viazi. Nilipogeuza kuanza upande wa nne aliweka kisu chini, akanishika mkono.

"Acha hapo."

"Inabakia upande moja tu, mama."

"Ninaona. Hiyo utamaliza ku kwangu." Akaidunga sindano ya krosheti kwenye sufu ili isiteleze, akalikunja shali na uzi wake. "Ku duane, mutu akikuachia kitu yake, anarudi. Weye utafika Bunagana kumaliza kazi yako. Na ukifika nitakuachia ufume kidogo, urefu wa kidole moja hivi. Kisha utarudi tena."

Nilimtazama mwanamke yule. Nilidhani mimi ndiye mjanja wa Kivu.

Mume wangu aliwasindikiza hadi kituoni, na aliporudi alisema vumbi la stendi ni baya, limemwingia macho yote mawili. Kofia yake ilikuwa imesahauliwa mahali fulani. Baadaye tuligundua aliiacha kichwani mwa Madame.

Nilikwenda Bunagana. Mara ya kwanza nilifuma kidole kimoja, kama alivyosema, akaninyang'anya. Mara ya pili Madame alikuwa anakimbia, na alinipokea kwa kunipiga teke la furaha kwenye goti. Mume wangu naye alikuja safari hiyo, eti kuchunguza soko la maharage. Hakuliona soko. Alilala mkekani mchana kutwa, mtoto amekaa juu ya tumbo lake.

Kisha barabara ikafunga. Vita vilirudi, safari hii vikaanzia upande ule ule wa mpakani, na Bunagana ikawa mahali ambapo watu wanapataja kwa sauti ya chini. Simu ya bibi ilinyamaza. Mwaka ukapita na zaidi, nami nikazoea kwenda Kibati na jirani yangu kuangalia wanaofika, tukitazama buti. Ni ajabu wangapi wanavaa buti za plastiki katika nchi hii. Mume wangu aliacha kuzungumza mezani. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba, anatembea huku na huku mikono mgongoni, hana mtoto, hana wimbo, na safari hii sikukohoa. Nilikwenda tukatembea pamoja.

Walikuja bila kutafutwa. Ilikuwa asubuhi, ninaanika nguo, mlango wa geti ukasukumwa bila hodi. Kwanza aliingia msichana mwembamba, vumbi mpaka kwenye kope, kofia ya kiume imemfunika masikio. Alisimama akanitazama kama mtu asiyenijua, na hakunijua. Akanipita. Alikwenda hadi kwa mzee aliyekuwa ameganda kitini mwake, akamchunguza, kisha akanyoosha mkono, akamvuta ndevu kidogo tu, kwa majaribio. Mume wangu alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika ndoa yetu yote.

Nyuma yake akaingia bibi. Hakuwa na mzigo. Hakuwa na godoro, sufuria, wala koti lake. Buti moja ilikuwa imepasuka. Vizuizi vya njiani vilikuwa vimemvua kila kitu. Lakini chini ya kitenge chake, chini kabisa, mahali panapotakiwa, palikuwa na tumbo kubwa.

Nilimwendea. Nikakiweka kiganja cha mkono wangu pale tumboni, nikasikia ulaini wa sufu, na kitu chembamba kigumu kinachonichoma kidogo.

"Mama," nikamwambia, "pole na mimba."

Ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza, na kulia humohumo. "Ni ya kwako," akasema. "Fungua. Imenichosha."

Sasa wanakaa kwetu wote wawili, katika chumba cha watoto waliooa. Bibi anauza sabuni kwenye kibaraza chetu na kumfundisha mume wangu biashara, jambo ambalo linamkera vizuri sana. Shali liko mapajani mwangu ninapoandika. Madame amelizidi urefu, linamfunika magoti tu. Jana aliniuliza kwa nini upande wa nne hauishi, mbona ni mfupi hivi, hata yeye angeumaliza. Bibi aliinua macho kutoka kwenye sabuni zake, akaningoja nijibu.

Nikamwonyesha mikono yangu. Vidole vyangu, nikamwambia, vinauma mingi sana.