Anjera ya Kwanza

Eedo Faduma, dada ya baba yangu, amepika anjera, mikate myembamba ya unga wa ngano, hapa Bulapesa kwa miaka ishirini na miwili. Katika kumi na moja ya mwisho amekula moja tu, tena ya wizi.

Ukipita nyuma ya ua wetu kabla jua halijachomoza utamkuta amejifunga leso puani ili asivute vumbi la unga, amechuchumaa mbele ya kikaango cha chuma alichoachiwa na mama yake. Anamwaga rojo kwa upawa, kutoka katikati kwenda pembeni, akizungusha mkono bila kuuinua. Anafunika. Akifunua, anjera imetoa macho, yale matundu madogo yanayoonyesha kwamba rojo limechacha vizuri. Anaibandua, anaiweka juu ya zilizotangulia, anaosha vidole, anamwaga nyingine. Wateja husubiri na sahani zao, wengine wameshika vikombe vya chai, na wapo wasioweza kungoja kufika nyumbani. Hukunja anjera ikiwa bado moto wakaila palepale, mbele yake.

Ugonjwa ulimwanza baada ya kumzaa Sadiya. Tumbo lilijaa hewa mpaka majirani wakampongeza kwa mimba nyingine. Viwiko vilitoka vipele, damu ikapungua, akawa anasinzia huku mwiko uko mkononi. Zahanati ilimtibu taifodi mara tatu na amiba mara mbili, na kwa kuwa sisi ni watu wa maziwa ya ngamia, ilimtibu brusela pia. Majirani walimtibu jicho la watu. Mwishowe daktari mmoja wa Meru alimwuliza kila anachokula tangu asubuhi hadi jioni, akakiandika kwenye karatasi, wakampima, kisha siku ya majibu akaanza kukata. Alikata ngano, na chochote chenye gluteni, ile protini inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Alikata maziwa na samli. Akakata mayai na simsim, kwa sababu midomo yake ilikuwa ikivimba navyo. Chini ya karatasi vilibaki mchele, mahindi, mtama, nyama, maharagwe na viazi.

"Nilikwenda Meru na chakula," husema, "nikarudi na karatasi."

Kwa watu wengine hiyo ingekuwa shida ya jikoni tu. Kwetu, mgeni akikataa maziwa amemkataa aliyeyaleta. Kwenye harusi moja Korbesa alipewa kibuyu cha maziwa kabla ya wanawake wote, kwa heshima, akasema ni mgonjwa. Mwenye nyumba akamtazama mashavu, akasema taratibu kwamba wagonjwa wa kwao huwa hawang'ai hivyo, akakichukua kibuyu chake. Tangu siku hiyo Eedo huendea shughuli za watu na mkebe wake wa wali, na kikombe chake kilichofungwa uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganywe na vya maziwa. Anakunywa turungi, chai isiyo na maziwa, na kutazama.

Kutazama ndiko kulikomharibu. Sijawahi kumsikia akimwonea mtu wivu wa nyumba, wala dhahabu, wala mume. Anaona wivu wa midomo. Humwonea wivu dereva wa lori anayechovya mandazi kwenye chai huku macho yake yako kwenye matairi. Humwonea wivu mtoto anayeacha nusu ya chapati. Akiona mtu anakula bila kufikiri anachokula, uso wake hufungwa kama duka wakati wa swala.

Na hakuna aliyemtesa kama Hoda.

Hoda ni mke wa Awale, mdogo wa Eedo. Aliletwa katika ua wetu miaka saba iliyopita, msichana mwembamba mwenye hamu ya kula kama ya wanaume wawili. Jioni ya harusi Eedo alimtazama bibi harusi akimaliza anjera tatu zilizolowa samli na kulamba kidole gumba. Akaingia stoo, akajifungia, akala moja na kikombe cha chai ya maziwa. Hiyo ndiyo ya wizi. Alilala kitandani siku nne, na aliyemwoshea shuka na kumnywesha uji wa mtama ni Hoda, ambaye hakujua kilichotokea. Eedo hakumsamehe wema huo.

Lakini alimhitaji. Mpishi asiyeonja huwa na hofu, hata akiwa hodari. Basi ikawa kila alfajiri anjera ya kwanza ni ya Hoda. Aliikunja mara mbili, akauma, akafumba macho, akatafuna polepole, na sisi sote tukangoja. Kisha alisema, "Iko sawa, abaayo," yaani dada. Maneno hayohayo miaka saba. Baada ya hapo ndipo Eedo alipoanza kuuza.

Wateja walimwona Hoda akila, akitabasamu, akiwapa sahani zao. Eedo walimwona mgongo na leso. Sijui ni nani aliyeanza, lakini polepole watu wakawa wanasema wamekuja kuchukua anjera za Hoda. Mtoto alitumwa akasema hivyo mbele ya Eedo mwenyewe, na Hoda akacheka badala ya kumrekebisha. Siku hiyo Eedo aliosha kikaango mara tatu.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, jambo likatokea. Mzee Yahye, mwenye malori, kila mwaka hufuturisha watu wa msikiti siku ya kumi na tano, na kila mwaka mkewe Deqa huagiza anjera themanini kwetu. Safari hii alimtuma mtu kwa Hoda, kwa jina lake. Hoda alikubali kabla ya kumwambia yeyote. Akaazima kikaango cha pili, akasema atapikia jikoni kwake, ng'ambo ya ua, hatua ishirini kutoka kwa Eedo. Eedo akasema ni vizuri. Hawakuzungumza tena ila salamu.

Ni lazima niseme jambo kuhusu Ramadhani. Eedo aliupenda mwezi huo kwa sababu ambayo asingemwambia imamu. Kuanzia alfajiri hadi magharibi hapakuwa na mdomo unaotafuna mbele yake. Wako masheikh wanaomruhusu mpishi kugusa chakula kwa ncha ya ulimi kisha ateme, lakini nyumba yetu haifanyi hivyo. Kwa hiyo mwezi mmoja kwa mwaka wapishi wote wa mtaa walikuwa kama yeye, wakipika gizani. Chakula cha wengine kilizidi chumvi au kikakosa. Anjera zake zilikuwa zilezile, kwa kuwa alikuwa amezoea kulijua rojo kwa pua, na kwa mlio wake linapopigwa na kiganja. Hakuna mteja aliyewahi kulitambua hilo. Yeye alilitambua, akalinyamazia.

Siku ya kumi na tano, baada ya adhuhuri, Wacuka alivuka barabara kuja kwetu. Wacuka ana duka la unga mkabala na lango letu. Ni mtu wa Nyeri, mwenye maneno mengi na moyo mweupe. Alikuwa na wasiwasi.

"Habari, Mama Sadiya. Naomba usiniharibie jina huko msikitini. Ule unga wa Hoda umeshughulikiwa."

Eedo akauliza unga gani.

Wacuka akaeleza. Hoda alikuwa amempelekea rojo kwenye bakuli, akamwomba amwonjee kwa kuwa yeye amefunga na Wacuka hakufunga. Wacuka akaonja, akashtuka. Lilikuwa chachu. Anjera amekula mara nyingi, alisema, tena na chai, lakini rojo lake bichi hakuwahi kulitia mdomoni. Akadhani amemwuzia Hoda unga uliooza. Akampa pakiti mbili mpya bila malipo na kilo ya sukari, akamsimamia mpaka ameumimina wote ndani na kukoroga. "Sasa ni tamu kabisa," akasema. "Kama ya keki."

Hoda miaka yote alionja anjera iliyokwisha kuiva. Rojo bichi hakulijua, na aliyelijua hakutaka kumwuliza.

Eedo alimshukuru Wacuka, akamsindikiza hadi langoni, akarudi akaketi kwenye kigoda. Kando yake palikuwa na ndoo yake ya rojo, lililolala usiku kucha, lililoandaliwa kwa wateja wa daku ya usiku uliofuata. Lilikuwa limeumuka hadi ukingoni. Aliketi hapo saa mbili nzima. Nilikuwa barazani na kitabu changu, na sikumwona akitikisika. Ng'ambo ya ua moshi wa Hoda ulianza kupanda. Ulinukia sukari inayoungua.

Adhana ya alasiri ilipoisha aliswali, akasimama, akaniambia nishike upande mmoja wa ndoo.

Baadaye nilipomsifu alinikataza. "Usiandike kwamba nilimhurumia. Nilikaa pale nikifurahi. Nilisema waache wale keki, waseme ni ya Hoda. Kisha nikafikiri: wakila kizuri, ni mkono wa Hoda. Wakila kibaya watasema nyumba ya Faduma imekwisha. Yaani sifa achukue yeye, aibu nibebe mimi? Hapo ndipo nilipoinuka."

Tulimkuta Hoda amepika kumi na mbili. Zilikuwa bapa, bila jicho hata moja, zimeganda na kuwa kahawia. Mashavu yake yalikuwa na masizi yaliyopitiwa na machozi. Eedo hakumsalimu. Aliinama juu ya ndoo ya Hoda, akanusa kupitia leso, akaisukuma pembeni kwa mguu. Akaweka yake mahali pake.

"Kifuniko cha pili kiko wapi?" akauliza. Ndiyo maneno pekee aliyoyasema mpaka anjera ya themanini.

Wateja wa daku walirudi mikono mitupu usiku huo.

Kwa Mzee Yahye wanaume walikaa uani na wanawake ndani. Tulifungua kwa tende na maji, tukaswali, kisha masinia yakatandazwa. Eedo aliketi karibu na mlango, mkebe wake magotini. Deqa alikunja anjera, akaichovya kwenye mchuzi, akaila, akainua kidole.

"Hoda, Mungu auwekee baraka mkono huu. Mwaka huu umejishinda."

Hoda aliinamia sinia. Nilimtazama Eedo, uso wake ulikuwa umefungwa. Nilidhani atanyanyuka aondoke. Badala yake alijisogeza, goti kwa goti na Hoda, akaibandua anjera moja na kumwekea mkononi.

"Kula," akasema.

Hoda akauma.

"Sasa sema."

"Iko sawa, abaayo."

"Sawa ni nini? Miaka saba unaniambia sawa. Unakula kitu changu, unafumba macho, unaenda mahali, unarudi, unaniambia sawa. Leo sitaki sawa. Niambie ulikoenda."

Wanawake waliokuwa karibu waligeuza shingo. Hoda alitafuna upya, macho wazi sasa, kama mtoto anayeulizwa sura za Kurani.

"Kwanza ni chachu," akaanza. "Kidogo, hapa pembeni mwa ulimi. Inakuja, inaondoka kabla hujaikasirikia. Upande wa chini ni laini. Upande wa juu yale macho yameficha samli, kwa hiyo huioni, ukiuma ndiyo inatoka yote." Akameza. "Na mwisho kuna moshi. Umekaa nyuma kabisa. Kila siku naukuta, sijui unatoka wapi."

"Kikaango cha mama," Eedo akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Nilipokuwa mtoto ulikuwepo."

Deqa alikuwa ameweka chini kipande chake. "Kwani Faduma, wewe hujui ladha ya anjera zenu?"

Hoda ndiye aliyejibu, na alilia kidogo akijibu. Alisema Faduma hawezi kula ngano wala maziwa tangu kabla yeye hajaolewa. Alisema rojo lile ni la Faduma, lake ameliharibu na limo kwenye ndoo nyumbani, lina kilo ya sukari.

Deqa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kwa hiyo miaka hii yote," akasema, "tumekuwa tukimsifu aliyekula."

Chumba kikacheka mpaka wanaume wakauliza kuna nini. Hoda alicheka huku anafuta pua. Eedo hakucheka, lakini alifungua mkebe wake akaanza kula wali, na Deqa mwenyewe akampakulia nyama juu yake, kwa kijiko alichokiosha kwanza.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha hapo. Wateja wengi sasa husema anjera za Faduma, wachache bado husema za Hoda, na hao wachache Eedo anawajua kwa majina. Hoda amerudi kwenye kikaango cha mama, na anajifunza kunusa. Anjera ya kwanza bado ni yake, lakini haruhusiwi kuila kimya. Lazima aisimulie: leo chachu imechelewa, leo moshi umetangulia. Eedo husikiliza amefumba macho, leso imeshushwa shingoni, na midomo yake husogea kidogo.

Siku nyingine Hoda anasimulia vizuri kupita kiasi. Hapo Eedo hufungua macho, humtazama kwa muda, na kumkatiza katikati.

"Basi. Imetosha."

Na siku hiyo hamsemeshi tena mpaka kesho yake alfajiri, anapoibandua ya kwanza na kumpa.